Miguu Iliyotoboa Siri ya Tumbo

Nitaanza na choo. Najua si ustaarabu, na marehemu mama yangu angenifinya sikio, lakini kwa karibu miaka miwili nilikataa katakata kuanza na choo, na hapo ndipo balaa lote lilipopata mlango wa kuingilia.

Mimi ni fundi cherehani. Wazazi wangu ni Wanyarwanda, nilikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Kongo, na tangu turudi nyumbani Rwanda ninaishi Gashonga, karibu na pale wenye pikipiki wanapongoja abiria. Nimepanga chumba chenye kibaraza, na kibarazani ndipo ninaposhonea. Nyuma ya ua kuna migomba ya mwenye nyumba. Nyuma ya migomba kuna choo, kimoja tu, cha wapangaji wote. Kutoka kwenye cherehani yangu mpaka mlango wa choo ni hatua arobaini na mbili. Nilizihesabu nikikimbia, kwa siku mara nane, siku mbaya mara kumi na mbili.

Sikumwambia mtu. Mwanamke anayewashonea maharusi magauni hawezi kutangaza kwamba anaharisha. Atakayekuja kupimwa kiuno atasimama mbali. Kwa hiyo kila tumbo lilipoita, nilichomeka sindano kwenye kitambaa, nikainuka kwa heshima zote na kusema, "Naenda kununua uzi, narudi sasa hivi." Duka la uzi liko upande wa barabara. Mimi nilielekea migombani. Wateja waliniona nikienda upande usio na duka lolote na kurudi mikono mitupu, na hakuna aliyeuliza, nami nikajisifu kwamba nina akili. Damu nayo niliiona. Niliifunika kwa maji, nikaenda zangu, kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Maji hayo, nisiwasahau kuwaambia, yalikuwa kwenye ndoo ya manjano mlangoni pa choo, na kopo lake juu. Ndoo ile ilitokea tu siku moja, na tangu ilipotokea sikuikuta tupu hata mara moja. Nilimsifu mwenye nyumba kimoyomoyo. Nilisema huyu mzee, ambaye balbu ya uani iliungua mwaka juzi na hajaibadilisha, walau kwenye maji Mungu amemgusa moyo.

Mlango wa pili kutoka kwangu aliishi mama mmoja wa kabila la Mshi, wa Bukavu. Zamani alivusha mpakani samaki wadogo wa ziwani, sambaza, akachoka na safari, akahamia kwenye ua wetu na kuanza kupikia watu wa pikipiki uji na maandazi. Uji wake sisi tuliokulia ng'ambo tunauita buyi: mtama, soya, sukari ya kutosha, mzito kiasi kwamba kijiko kinasimama. Kila asubuhi saa moja aliniletea kikombe na kukiweka juu ya cherehani. Lakini kwanza alikionja. Ndivyo ilivyo huku kwetu: anayekupa kinywaji hukionja mbele yako, ili ujue hakukutilia sumu. Wengine hulowesha mdomo tu. Yeye alivuta funda moja na kikombe kikapungua vidole viwili.

"Maman, weye unaonja ao unakunywa?" nilimlalamikia kila siku.

"Niko nahakikisha," alijibu, akijifuta mdomo. "Sumu ingine inakaaka chini."

Hiyo ndiyo ilikuwa furaha ya asubuhi zangu, nakiri. Nilikuwa na ndugu wengi na rafiki mmoja, na rafiki alikuwa yeye.

Sasa miguu. Masika fulani vifundo vilianza kuniuma, nikavilaumu mvua na pedali ya cherehani. Wiki iliyofuata, kwenye mifupa ya mbele ya miguu, pale mtu anapojigonga na kigoda, yalitokea mavimbe mekundu. Matatu kulia, manne kushoto. Mengine kama haragwe, moja kama limau. Yalikuwa ya moto, magumu, na ukiyagusa yanauma mpaka unasikia hamu ya kumpiga aliyeyagusa.

Mtaona ajabu, lakini nilifurahi kidogo. Miguu si aibu! Baada ya miezi yote ya kuficha, hatimaye nilikuwa na ugonjwa unaoonyeshwa. Nilipandisha kitenge mbele ya kila mteja, na kila mteja akawa daktari. Mmoja alisema nyigu. Mwingine majipu. Mzee mmoja alisema ni ule ugonjwa wa kuvimba miguu wa watu wanaolima peku, mimi ambaye tangu Bukavu sijakanyaga udongo bila viatu vyenye kisigino. Muuguzi wa kituo cha afya naye alisema majipu, akanipa vidonge, nikavimaliza vyote, na limau likazaa limau la pili. Yule muuguzi aliniuliza kama nina shida nyingine yoyote. Nikamwambia hapana, ni miguu tu.

Ndipo dada yangu mkubwa alipokuja. Anaishi Muganza, karibu na kiwanda cha saruji, mumewe anaendesha lori, na yeye mwenyewe akija anakuja kama lori: vumbi na kelele, na hakuna wa kumsimamisha. Alishuka kwenye pikipiki, akapandisha kitenge changu bila kunisalimu, akatazama.

"Iyi ni karuho," alisema.

Aliyekulia Kivu haelezwi karuho ni nini. Kwa mgeni nitasema hivi: ni sumu ya polepole, ambayo watu wanaamini jirani hukutilia kwenye kinywaji, ukakauka mwaka mzima kama muhogo juani. Ukikonda ni karuho. Ukikohoa ni karuho. Sijawahi kukutana na aliyeiona, lakini sijakutana pia na asiyeiogopa.

"Mudogo yangu, umeisha kukonda," dada aliendelea. "Ona shingo. Nani anakupatiaka kitu ya kunywa?"

Hapa nawaomba msinirushie mawe mapema. Nilikuwa na majibu mawili mdomoni. La kwanza lilikuwa: "Dada, nimekonda kwa sababu naharisha." La pili lilikuwa fupi zaidi, na halikuhusu choo.

"Jirani," nilisema.

Dada alitazama upande wa mlango wa pili, akafumba macho, akatikisa kichwa. Nilijua fika kwamba damu niliiona mara ya kwanza kabla yule mama hajahamia kwenye ua wetu, kabla hajajua hata jina langu. Nilijua, na nikanyamaza kwa kulinda heshima yangu.

Asubuhi yake kikombe kilikuja saa moja kamili. Alikionja, vidole viwili. Sikumtania. Nilisema asante, nikangoja arudi kwenye masufuria yake, nikaenda migombani na kumwaga uji kwenye shina la mgomba. Kisha nikakisuuza kikombe na kumrudishia. "Tamu sana," nilimwambia. Nilifanya hivyo siku nne. Siku ya tano hakuleta.

Dada yangu alikuwa amekwisha kupita senta nzima, duka kwa duka. Yeye haoni kuwa anasengenya, anaona anaokoa maisha. Wenye pikipiki, wanaume wanaoshuka milima kwenye matope kwa mkono mmoja, waliogopa uji. Sufuria ya yule mama ilibaki imejaa mpaka saa nne. Watoto walipita upande wa pili wa njia. Yeye hakuuliza, hakugomba. Alipita mbele ya kibaraza changu akinitazama usoni, nami ghafla nikawa na kazi nyingi ya kutunga uzi sindanoni.

Dada alinipeleka kwa mganga mmoja katika sekta ya Butare, ile ya hapa wilayani kwetu, maarufu kwa kutapisha sumu. Alininywesha maji ya majani yaliyochachuka, akaniinamisha juu ya beseni, na nilitapika mpaka nikaona nyota. Halafu akachokoa beseni kwa kijiti na kuinua kitu kidogo, cheusi, chenye matundu.

"Ndiyo hii," alisema. "Ilikuwa imeshika kwenye ini."

Dada alipiga kelele za kumshukuru Mungu. Mimi nilikitazama. Nashona pia mito ya viti, na sponji ya godoro naijua hata ikichovywa kwenye masizi. Tena ilikuwa sponji hafifu, ile inayobonyea kabla hujaikalia. Nilimtazama mganga, mganga akanitazama, na nadhani alijua kwamba nimejua. Nikasema asante. Kati ya kukubali kwamba nimemeza godoro na kusema ninaharisha damu, nilichagua godoro.

Miguu haikusikia habari za sponji. Mavimbe yakawa kumi na moja. Dada, ambaye hashindwi, alisema sumu iliyobaki imeshuka miguuni na inangoja kutoka, na kwamba anamjua mtu mwenye wembe anayejua kuchanja. Alisema atamleta Alhamisi.

Mimi nakata vitambaa kila siku, najua chuma kinafanya nini kikikutana na kitu laini. Jumatano alfajiri nilipanda pikipiki na kukimbilia hospitali ya wilaya. Sikukimbilia dawa, nilikimbia wembe. Hata ujasiri wangu ni wa namna hiyo.

Daktari alikuwa msichana, kwa umri angeweza kuwa binti yangu, mpole, na hana haraka. Aliyabonyeza mavimbe moja moja, akiomba samahani kila nilipoguna kwa maumivu. Akasema haya si majipu, hayana usaha, na mtu yeyote asiyaguse kwa wembe. Kisha akaweka kalamu chini.

"Maman, unakwenda choo mara ngapi kwa siku?"

"Docteur, nimeleta miguu."

"Miguu nimeiona. Nauliza choo."

"Kama watu wengine."

"Watu wengine mara moja, mara mbili."

"Basi mara moja," nilisema. Alinyamaza. Ana kunyamaza kubaya sana yule binti. "Mara moja kila saa," nikamalizia.

"Na damu?"

Nilitazama ukutani. Palikuwa na picha ya mama anayenyonyesha, hakuweza kunisaidia. Nikasema ipo.

Akaniambia nifungue mdomo, akaona vidonda ndani ya mashavu, ambavyo mimi nilikuwa nimevilaumu nanasi. Akaniuliza kuhusu viungo, nikakumbuka vifundo. Kila alichouliza nilikuwa nacho, na kila kimoja nilikuwa nimekipa sababu yake: nanasi, mvua, pedali. Alinieleza polepole kwamba kuna ugonjwa ambao utumbo mpana unavimba na kutoka vidonda kwa ndani, na kwa baadhi ya watu ngozi ndiyo inayotoa taarifa. Mavimbe kama haya hupenda mbele ya miguu, na mara nyingi huja tumbo linapokuwa limechafuka. Alisema kifua kikuu nacho huweza kuyaleta, kwa hiyo atanipima hicho pia.

"Huu ugonjwa," niliuliza, na sauti yangu haikuwa ya mzaha tena, "mtu anaweza kukutilia kwenye uji?"

"Hapana."

"Hata polepole?"

"Hakuna aliyekutilia kitu, Maman. Kinga ya mwili wako mwenyewe inaupiga utumbo wako, na kwa nini inaanza hatujui vizuri. Damu ulianza kuiona lini?"

Nilimwambia. Nilipoitaja ile tarehe kwa sauti, mbele ya mtu, niliona aibu ambayo kuharisha hakujawahi kunipa.

Kifua kikuu hakikuonekana. Nilitumwa hospitali kubwa, ng'ambo ya msitu wa Nyungwe, wanakochungulia utumbo kwa kamera. Habari za kamera nitazikata, isipokuwa kusema kwamba siku moja kabla wanakunywesha dawa ya kusafisha tumbo, na kwamba kwa mara ya kwanza katika ugonjwa wangu wote nilikimbilia choo kwa amri ya serikali. Vidonda vilikuwepo kweli. Nikapewa vidonge vya kutuliza uvimbe na vingine vya kunywa muda mrefu, na onyo la kutoviacha kwa sababu tu nimejisikia nafuu. Ndani ya wiki chache mavimbe yalilegea. Yalipita rangi zote za vitenge vyangu, kutoka nyekundu kwenda zambarau, kisha kijani, kisha manjano, halafu yakaondoka bila kuacha kovu. Tumbo lilikuwa bado linajifunza adabu.

Niliporudi Gashonga nilikuta mafurushi mawili mlangoni pa jirani yangu. Masufuria yalikuwa yamefungwa kwa kamba. Mwenye nyumba aliniambia kwamba Jumatatu anavuka mpaka kurudi Bukavu, kwa sababu hapa hana tena wa kumuuzia uji. Hiyo ilikuwa Ijumaa.

Ningeweza kwenda kumwambia samahani mlangoni, taratibu, tukalia, tukaisha. Nilifikiria hivyo, tena sana. Lakini hakuharibiwa jina mlangoni. Aliharibiwa senta nzima, na siri yangu ndiyo iliyoharibu.

Jumamosi ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja. Tulizibua mitaro mpaka saa tano, kisha tukakaa kwenye nyasi kwa mkutano kama kawaida. Mkuu wa mtaa alisema ya taka, ya bima ya afya, ya mbuzi wanaofunguliwa ovyo. Mwishoni akauliza kama kuna mwenye neno. Nilisimama. Yule mama alikuwa nyuma kabisa, na jembe lake, amesimama peke yake na nafasi kubwa kumzunguka.

"Mimi naharisha," nilisema.

Bibi mmoja wa mbele akasema, kwa huruma, "Nenda basi, mwanangu."

"Si sasa hivi. Ni miaka miwili."

Nikawaeleza yote. Utumbo, damu, kamera na ilipopitia. Nilipandisha kitenge nikawaonyesha miguu yangu safi. Nikasema ugonjwa huu nilikuwa nao kabla huyu mama hajakanyaga ua wetu, kwamba nilijua hivyo tangu mwanzo, na kwamba nilimwacha aitwe mrozi, mtilia watu sumu, kwa sababu niliona haya kutaja choo. Kama kuna sumu, nilisema, ni mdomo wangu uliofungwa na wa dada yangu uliofunguka.

Katibu aliinua kichwa kwenye daftari. "Hili niliandike wapi? Kwenye afya au kwenye usafi?"

Kicheko kilipasuka. Halafu mwenye pikipiki mmoja akaruka juu, kana kwamba amekumbuka deni. "Uzi!" alipiga kelele. "Kumbe ndo ule uzi!" Basi ikawa vurugu, watu wakishikana mabega, wengine wamelala chali. Mpaka leo nikipita senta wananiuliza kama uzi upo. Dada yangu alipopata habari alisema karuho za siku hizi zinajua kukwepa kamera.

Mtu mmoja hakucheka. Nilipogeuka, yule mama hakuwepo.

Nilimkuta uani, akikaza kamba ya furushi. Hakuinua uso.

"Maman, unisamehe," nilisema.

"Ju ya nini? Ju ya batu, ao ju ya mugomba?"

Nilitazama migombani.

"Ule mugomba ulikunywa buyi yangu siku ine. Niliona. Nasema, ngoja, pengine ule ndo mugonjwa." Alikaza fundo. "Na uzi yako. Kila saa uzi, uzi. Weye unafikiri miye niko mujinga? Sikumaliza hata mwezi moja hapa, nikajua. Ile ndoo ya maji, unafikiri nani alikuwa anaijaza?"

"Mwenye nyumba," nilisema, na hata nikisema nilisikia upumbavu wake.

Hapo alicheka, kwa mara ya kwanza baada ya wiki ngapi. "Ule mzee? Hata maji ya kunawa anayawaza mara mbili mbele ya kuyamwaga."

Alijua. Alijua siku zote zile. Neno moja tu kwa wenye pikipiki, kwamba huyu fundi wenu anaharisha tangu zamani, na angejiokoa.

"Sasa ju ya nini haukusema?" nilimuuliza. "Batu balikuita murozi, na ulikuwa na jibu."

Alinitazama kama ninavyomtazama mteja anayeshika kitambaa kichwa chini. "Ile ilikuwa siri yako," alisema. "Siyo yangu."

Nililia. Nililia vibaya, na kamasi, mimi mshona magauni ya maharusi. Na tumbo langu, ambalo halijawahi kuheshimu shughuli ya mtu, likaniita palepale katikati ya kilio. Nilijikunja. Aliona.

"Enda," alisema. "Enda kununua uzi. Ukirudi utanisaidia kufungua hii mizigo, ulinikazisha kamba ya bure."

Nilikimbia hatua zangu arobaini na mbili, nikicheka na kulia pamoja. Mlangoni pa choo ndoo ya manjano ilikuwa imejaa mpaka ukingoni.